Bafu Letu la Mabati Kule Rongai

Sisi tuliozaliwa kwenye mashamba ya wazungu upande wa Rongai, miaka ile kabla ya Uhuru, hatukuwa na bafu. Tulikuwa na mfereji. Ulitoka mtoni, ukapita chini ya nyumba ya bwana, ukakata katikati ya mahindi, na ulipokaribia laini, yaani vile vibanda vya wafanyakazi tulimokuwa tukiishi, ukapinda kidogo kama mtu anayekwepa matope. Kwenye kona hiyo palikuwa na matete marefu, yamefungamana hata mbuzi hapiti. Ndani yake ndimo walimooga mama zetu, na sisi wasichana pamoja nao.

Wenzangu wa rika langu hawajasahau Jumamosi za wakati ule. Kazi ilikatika mchana, posho ikagawiwa, kisha wanawake wakajitwisha makarai na vipande vya sabuni vilivyokatwa kwa uzi kutoka kwenye mche. Sisi tulifuata nyuma na mafurushi ya nguo, tukiokota mawe ya kukwaruza ya kusugulia visigino. Upepo ulishuka kutoka upande wa Menengai na vumbi lake jekundu, lakini mtu akiingia kwenye matete, upepo unabaki nje. Humo mlikuwa na harufu ya tope na sabuni, na kicheko ambacho mama zetu hawakukicheka mahali pengine popote. Mwanamume akitaka kupita njia ile alipaswa kukohoa tangu mbali. Mama yangu alikuwa na msemo wake: "Asiyekohoa ana lake."

Basi mwaka mmoja memsahib, mke wa bwana, akaamua kutengeneza nyumba yake upya. Tulimwita Memsahib Kofia kwa sababu ya kofia yake ya majani, pana kama ungo. Kila asubuhi alizunguka nyumba ameshika karatasi, akionyesha kwa kidole: hapa dirisha litoke, pale baraza liongezwe, mabati ya zamani yaezuliwe, vigae vipandishwe. Fundi Kalasinga, Mhindi wa kilemba, alikuja kutoka Nakuru na lori la mchanga. Halafu wakapigilia vigingi nyuma ya nyumba, wakavuta kamba, na baba yangu na wenzake wakaambiwa wachimbe.

Walichimba shimo refu lenye kina. Sisi watoto tulijadiliana sana juu ya shimo hilo. Mwisho tulikubaliana kwamba ni josho. Ng'ombe walikuwa na josho lao la kuua kupe, na ni wazi kwamba wazungu nao walikuwa wameingiwa na kupe, ila waliona haya kuchanganyika na ng'ombe. Barasa, mpishi wa memsahib, aliposema ni maji ya kuogelea tu, kwa kujifurahisha, tulimhurumia. Tulidhani amefichwa ukweli.

Barasa ndiye aliyeleta pia habari ya pili. Memsahib alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo akagundua kwamba watu waendao kukama wangemwona akiogelea. Alikasirika. Miche ya miti ya saipras ikapandwa kuzunguka pote iwe ua, lakini saipras ilikuwa bado inafika magotini. Ikabidi kitafutwe kitu cha kuziba mpaka ua ukue.

Jumamosi iliyofuata tulishuka mfereji kama kawaida, mama zetu mbele. Wakasimama ghafla. Matete hayakuwepo. Yalikuwa yamekatwa yote, yamebaki mashina mafupi kama ndevu za mzee, na maji yanang'aa wazi mbele ya barabara ya malori.

Mama aliinama akagusa shina moja. Kisha akauliza, polepole, "Nani amekata?"

Waume zao ndio waliokata. Nyapara aliwapa amri, nao wakakata, wakafunga mafungu, wakabeba hadi kwa memsahib kutengeneza uzio wa bwawa lake. Jioni ile baba yangu alikula ugali mtupu, bila mboga, na hakuuliza kwa nini.

Wiki zilizofuata zilikuwa za taabu. Walijaribu kushikiliana leso kuzungushia anayeoga; upepo ukazipeperusha huku lori la mkonge likipita, vijana juu yake wakipiga miluzi. Kogo, ndiye nyanya yangu mzaa baba, alikataa kuhangaika. "Mwenye macho aone," alisema. "Nimezaa, nimelea, nimezeeka. Kuna kipya gani hapa?" Lakini wengine walianza kwenda alfajiri, umande ukiwa bado baridi kama barafu, na Kogo, kwa kuwa hakupenda kuoga peke yake, akawafuata. Akashikwa na kifua. Alikohoa mpaka akasikika kibanda cha jirani, na maziwa ya kibuyu aliyoyapenda akayakataa.

Hapo Mama akasema atakwenda kwa memsahib.

"Mama Chebet, usithubutu," Baba akamwambia. "Watu wamefukuzwa hapa kwa maneno machache kuliko hayo. Wakitia sahihi kipande changu cha kazi kesho kwamba nimeachishwa, hawa watoto utawapeleka wapi?"

"Na mama yako nitampeleka wapi akifa kwa ajili ya matete?"

Baba aliinuka, akatoka nje, akasimama akitazama mahindi. Aliporudi alisema neno moja tu: "Nenda."

Mama alivaa gauni lake la kanisani, akabeba karai na sabuni, akanishika mkono. Sikujua karai ni la nini. Tulimkuta memsahib karibu na bwawa ambalo bado halikuwa na maji, akiwaelekeza watu wafunge matete vizuri.

"Wewe nataka nini?" aliuliza, kwa Kiswahili chake cha shambani.

"Memsahib, hii matete ilikuwa mlango yetu."

"Mlango gani? Hii ni majani ya mfereji."

"Mlango ya bafu, memsahib."

"Mimi hapana elewa."

"Basi kuja. Mimi nionyeshe wewe."

Mpaka leo sijui kwa nini alikubali. Labda ni lile gauni la kanisani. Alitufuata, kofia yake ikiyumba, mpaka kwenye kona ya mfereji. Mama akaweka karai chini, akateka maji, akampa sabuni kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni.

"Karibu, memsahib," alisema. "Oga."

Memsahib aliitazama sabuni. Akatazama maji, kisha barabara. Wakati huohuo gari la ng'ombe lilikuwa linapita na mapipa ya maziwa, na dereva wake, kijana wa watu, akavua kofia kumsalimu kwa heshima zote. Uso wa memsahib ukawa mwekundu kama nyanya. Nilidhani sasa atapiga kelele, tutafukuzwa, na mimi nikaanza kulia. Lakini alirudisha sabuni kwenye karai, polepole.

"Nyinyi naoga hapa? Wanawake yote?"

"Yote, memsahib. Na mama ya bwana yangu iko mgonjwa."

Hakusema pole. Alisema tu, "Mimi naona," akageuka akaenda zake. Usiku huo hatukulala vizuri nyumbani kwetu.

Jumatatu nyapara alikuja, na Baba alisimama kumpokea kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Kumbe ameleta habari njema. Mabati yale ya zamani yaliyoezuliwa kwenye nyumba kubwa, ambayo bwana alikuwa ameyatengea nguruwe, yangepelekwa mferejini. Bwana alinung'unika, Barasa alitusimulia, lakini memsahib alimwambia nguruwe hawaoni haya.

Wanaume walijenga kwa bidii ya watu wenye hatia. Walisimamisha nguzo, wakapigilia mabati, wakatandika sakafu kwa mawe yaliyobaki kwenye bwawa, hata wakaweka jiwe la kukalia kwa ajili ya Kogo. Alipopata nafuu alikuwa wa kwanza kuingia. Alikaa humo asubuhi nzima, mabati yamepashwa moto na jua, akaimba mpaka sauti ikamkauka. Mabati yalikuwa na matundu ya misumari ya zamani, na kila mwanamke aliyeingia alichovya kidole kwenye sabuni akaziba tundu moja. Ukuta ukawa na madoa meupe kama ndama.

Uzio wa memsahib, kwa upande wake, haukufika msimu wa mvua. Matete yalikauka, upepo wa Rongai ukayatawanya shambani. Tulimwona akiogelea, nasi tukaridhika kwamba hakuwa na kupe.

Siku hizi bwana na memsahib hawapo, shamba limegawanywa vipandevipande, na mtu mmoja anaweka chakula cha ng'ombe ndani ya lile bwawa. Mjukuu wangu amejenga Nakuru, na juzi alinikalisha kunionyesha ramani ya nyumba anayoirekebisha. Atachimba bwawa nyuma, atazungushia ukuta mrefu wenye vioo juu yake, eti majirani wasimwone. Nilimsifu. Likiisha, nina hakika atavaa kale kanguo ka kuogelea, ajipige picha, na kabla hajakauka dunia nzima itakuwa imemwona, mpaka dereva wa gari la maziwa. Hawa watoto wetu wanajificha kwa mtu wa nyumba ya pili na kujianika kwa mtu wa Ulaya.

Simlaumu, mimi mwenyewe nina bafu ndani ya nyumba, lenye kufuli na maji ya moto. Ni raha, sikatai. Ila nikifunga mlango najikuta nimenyamaza, na mgongo siufikii tena. Kule ndani ya mabati hukuhitaji kuomba. Ulikuwa ukiinama tu, tayari mkono wa mtu uko mgongoni mwako.