Kiti cha Nyuma cha Luqmani

Geti la msikiti wetu alilichomelea Luqmani, tena bure. Nalitaja hilo mapema kwa sababu siku hizi watu wakisikia jina lake hucheka kwanza, na sipendi mtu achekwe kabla hajajulikana. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha hapa Makorora, mjini Tanga. Mkewe ni Najat, binti wa kijiji cha Moa. Luqmani ana Subaru nyeupe ya mtumba aliyoikuta imekufa akaifufua kwa mikono yake mwenyewe, na mwaka huu aliamua kuikimbiza katika mashindano ya magari kule Maramba, kwenye zile barabara za udongo zinazopita mashambani.

Injini yenye nguvu zaidi ilikuwa nje ya uwezo wake, kwa hiyo akachagua njia nyingine.

"Injini ni punda," alituambia sisi vijana tunaoshinda karakanani kwake. "Punda huwezi kumwongezea miguu. Mpunguzie mzigo, uone anavyokimbia."

Akaanza kupunguza. Alitoa zulia, kitambaa cha darini, redio, kiyoyozi, tairi la akiba na jeki. Vioo vya nyuma akavibadili kwa plastiki ngumu. Kila alichokitoa alikitundika kwenye mizani ya kupimia mahindi aliyoiazima dukani, na mshale ulipocheza tulishangilia kama timu yetu imefunga bao. Mwisho ikatoka siti ya nyuma. Hakutosheka. Chini yake kulikuwa na vishikizo vya chuma vilivyoungana na bodi. Akachukua grenda akavikata, cheche zikaruka hadi barabarani. Pale pa abiria wa nyuma akachomelea mabomba ya kukinga paa gari likipinduka.

"Sasa hata nikitaka kuirudisha siti, haina pa kukaa," alisema, akafuta jasho. Tulimpigia makofi.

Mashindano yalikuwa Jumapili. Wiki hiyohiyo walikuja Tanga madaktari wa macho wanaozunguka mikoani, wakipasua mtoto wa jicho bila malipo, na siku yao ya mwisho ilikuwa Jumamosi. Mama yake Najat, Bi Mwatumu wa Moa, jicho lake moja lilikuwa limekwisha kufunikwa na ukungu na la pili lilikuwa njiani. Alipangiwa Jumamosi kabla ya adhuhuri. Wala hakukuwa na swali nani atamleta. Idd iliyopita Luqmani alisimama uani kwa mkwewe, jamaa wote wakisikia, akasema: "Mama, kiti cha nyuma cha gari hili ni chako. Popote utakapo kwenda, dereva wako ni mimi." Wanawake walipiga vigelegele.

"Mbona siti sizioni?" Najat alimuuliza siku ya Jumatano. "Mama Jumamosi, usisahau."

"Ziko kwa fundi wa kitambaa. Zitarudi."

Siti ilikuwa nyuma ya karakana, chini ya turubai. Luqmani alitegemea kuazima Noah ya Ernesti, rafiki yake ambaye angekaa naye garini siku ya mashindano. Ijumaa jioni akapiga simu, akaambiwa Noah imeshapanda Maramba na matairi na vyombo vya kupikia. Hata hapo angeweza kumwambia mkewe ukweli. Jirani mwenye gari asingekosekana. Lakini aibu ilikuwa imeshamfunga mdomo, na aibu ya kwanza ukiificha huzaa ya pili. Alfajiri ya Jumamosi Najat akaenda hospitali kumshikia mama yake nafasi kwenye foleni. Luqmani akakunja godoro la mtoto, akalitandika juu ya bati tupu, akaondoka kwenda Moa.

Bi Mwatumu alikuwa amekwisha vaa. Buibui lake la kutokea, kanga mpya mabegani, mkoba mkononi. Wiki nzima alikuwa akiwaambia majirani kwamba mkwewe anakuja kumchukua na gari, kwa hiyo majirani walikuwapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umefika salama? Wajukuu hawajambo?" Alisema akiangalia pembeni, kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Mkwe wa kiume na mama wa mke hawali sinia moja, wala hawakai bega kwa bega. Ndiyo maana kile kiti cha nyuma kilikuwa na thamani kuliko gari lenyewe.

Akafungua mlango wa nyuma mwenyewe. Macho hayakumsaidia, akatanguliza mkono kutafuta kiti. Mkono ulipapasa hewa, ukashuka, ukagusa godoro, ukapita godoro, ukakuta bati. Akabisha kidogo kwa vidole, bati likalia.

"Baba, kiti kiko wapi?"

"Nimekitoa, mama. Kuna mashindano kesho. Nilikuwa napunguza uzito."

Bi Mwatumu alishika ukingo wa mlango. Aliinua mguu apite kati ya yale mabomba. Mguu mmoja uliingia, wa pili ukagoma, na alipojivuta kurudi nyuma pindo la buibui likanasa kwenye kisiki cha kile kishikizo kilichokatwa. Kitambaa kikachanika mpaka gotini. Sauti ya kuchanika ilisikika uwanja mzima.

"Loo!" Jirani yake Zuleha alishindwa kujizuia. "Gari limechunwa kama mbuzi wa Idd!"

"Shemeji," akadakia Haji, kijana wa bodaboda, akiwa juu ya pikipiki yake, "hii gari au sufuria?"

"Sufuria ina mfuniko!" mwingine akajibu.

"Kumbe uzito wenyewe alikuwa mama mkwe!"

Kilibaki kiti cha mbele, karibu na dereva: kiti chembamba cha mashindano, chenye mikanda inayopita mabegani na kukutana kifuani. Mtu asiyeijua mikanda ile lazima afungwe na mwenzake. Luqmani alikitazama, akatazama chini. Hakuthubutu hata kukitaja.

Ndipo Bi Mwatumu akazungusha kanga kiunoni kufunika palipochanika, akawageukia majirani. "Nyamazeni. Mimi ndiye niliyemwambia akitoe. Nikikaa ndani ya gari moyo unanichafuka. Haji, lete pikipiki. Mkoba wangu ndio utapanda gari."

Wote walijua si kweli. Zuleha aliinama akaanza kuchezea ncha ya kanga yake. Mama yule alikuwa amevua sitara yake akamvisha mkwewe, na mkwewe akaivaa, kimya, akaupokea mkoba akauweka kwenye kile kiti cha mbele.

Walikwenda hivyo. Luqmani alishindwa kutangulia, maana angemtimulia vumbi. Akabaki nyuma, na akibaki nyuma anamwona. Gari lililotengenezwa lipae lilikuwa linajikongoja nyuma ya bodaboda, bomba la moshi likinguruma, watu wakitoka majumbani kutazama kama kuna msafara wa harusi. Kabla hawajaifikia lami lilitokea lori la mawe, likawapita kwa kasi. Pikipiki na waliopanda walipotea katika vumbi jekundu. Vumbi lilipotulia, Luqmani alimwona mkwewe ameshikilia bega la Haji kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa unasugua macho kwa ncha ya mtandio. Akasugua mpaka Tanga.

Mjini foleni ya magari ikamshika Luqmani, Haji akapenya. Luqmani alipoingia uwanja wa hospitali, Bi Mwatumu alikuwa amekwisha toka kwa daktari, ameketi kwenye benchi, macho yote mekundu kama pilipili. Najat amesimama mbele yake.

"Daktari anasema jicho lililowaka hivi halitiwi kisu," Najat alikuwa akisema. "Labda wakirudi tena, na sijui lini. Mama, vumbi lote hili umelitoa wapi?"

"Uani, mwanangu. Nilifagia asubuhi."

"Siku ya kupasuliwa jicho unafagia ua?"

"Mazoea."

Luqmani angeweza kunyamaza tena. Mlango wa kuikwepa aibu alikuwa amefunguliwa na mwenyewe aliyekosewa. Benchi zilijaa watu, na baadhi yao ni wa Makorora, watu aliowachomelea madirisha.

"Najat," alisema, "mama hakufagia. Amekuja kwa pikipiki. Siti haikuwa kwa fundi. Niliitoa mimi, na vishikizo nikavikata, nikakudanganya."

"Basi, baba," Bi Mwatumu alisema taratibu. "Watu wanasikia."

"Waache wasikie, mama."

Najat hakumfokea. Aliuona mchaniko kwenye buibui, akapiga goti, akaukunja na kuubana kwa pini aliyoitoa kwenye mtandio wake. Kisha akamshika mama yake mkono wakaenda kutafuta teksi.

Nina hasira, na siifichi. Tumesoma, tumeambiwa kwamba kwenda mbele ni kutupa kila kinachotuchelewesha, na sisi vijana tukapiga makofi mbele ya mizani ya mahindi bila hata mmoja kuuliza kile kiti ni cha nani. Luqmani alichelewa kujiuliza, lakini alijiuliza.

Jumapili, magari yakitimua vumbi Maramba, yeye alikuwa karakanani anachomelea vishikizo vipya, namba ya mashindano bado imebandikwa mlangoni. Tulipita kumtazama. Hakuna aliyetania. Chuma kipya hakikushika sawa, akakikata, akaanza upya.

Tangu hapo kila Ijumaa baada ya sala huenda Moa. Siti iko ndani, imefunikwa kitambaa safi. Husimama nje ya ua, hupiga hodi, huamkia, kisha huuliza kama mama ana pa kwenda.

"Leo sina safari, baba," hujibiwa. "Labda Ijumaa nyingine."

Huletewa maji ya kunywa, huyanywa akiwa amesimama, kisha hugeuza gari. Na Moa yote inajua kwamba siku za gulio Bi Mwatumu hutoka mapema, amejifunga mtandio wake vizuri, nyuma ya pikipiki ya Haji.