Mpasuaji na Lifti Yake

Mpasuaji huyu hajui kunyamaza, na hilo ndilo linalomkera Alonzo, msaidizi wake katika hospitali hii ya Baltimore, Marekani ya enzi za ubaguzi wa rangi. Akishaushika moyo wa mtoto, mikono hutulia tuli, mdomo ndio haukomi.

"Nishone hapa, Alonzo?"

"Sogea kushoto kidogo, daktari."

Wakitoka, huendelea kumsemesha hadi ndani ya lifti, ambayo mtu mweusi kama Alonzo haruhusiwi kuipanda, na mlango hujifunga akiwa katikati ya sentensi. Kila siku. Alonzo hushika ngazi. Leo kafika ghorofa ya nne akihema, kamkuta mwenzake amekunja uso.

"Swali nimekuuliza toka chini, hunijibu."

"Sikulisikia, daktari."

"Utalisikiaje? Kutwa ngazi, ngazi. Hivi moyo wako huuonei huruma?"