Bia Nyeusi ya Padri

Chupa ile nilipewa na padri Mbelgiji niliyempikia miaka mingi hapa Shinyanga. Alipoitwa kurudi kwao uzeeni aliniachia sufuria zake, redio, na chupa moja ya bia nyeusi ya nchini kwake. Akaniambia nisiiweke kwenye friji na ninywe taratibu. Tena nisiinywe peke yangu, kwa sababu ina nguvu kama divai. Nikajua palepale nitainywa na nani.

Rafiki yangu huyo tulikua naye karibu na Kagongwa. Mama yake alipika pombe ya mtama, na yeye bintiye ndiye aliyeonjeshwa kabla haijauzwa. Akisema bado, wanywaji wanasubiri. Nilimwonea wivu kwa ulimi ule. Baadaye akaolewa, akamfuata mume machimboni upande wa Kharumwa. Mume akahamia chimbo jingine na mwanamke mwingine. Yeye akabaki mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Aliukanda mchanga na zebaki kwa mikono mitupu, kisha akachoma donge la zebaki na dhahabu kwenye jiko lilelile alilopikia ugali wa wanawe.

Alikuja kwangu kwa ajili ya hospitali, mikono ikimtetemeka. Daktari, kijana mpole, alimweleza kwamba sumu ya zebaki imeingia kwenye neva, kwamba aache ile kazi, na kwamba kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi. Rafiki yangu aliitikia "ndiyo" kila mara, kama mtu anayeelekezwa njia. Tulirudi nyumbani kwa bajaji.

Sikujua cha kufanya. Nikaitoa chupa kabatini.

Povu lilipanda kwenye glasi, rangi ya chai ya maziwa. Nilionja kwanza mimi: sukari iliyoungua, tende, ndizi zilizoiva mpaka maganda yakawa meusi, halafu moto unaoshuka kifuani polepole. Sikuwahi kuonja kitu kama kile. Nikamtazama, nikingoja uso wake ubadilike.

Aliishika glasi kwa viganja vyote viwili, nayo ikamgonga meno. Bia kidogo ikamwagikia kitenge chake. Akameza, akanywa tena.

"Ikoje?" nikauliza.

"Chuma," akasema. "Kama nimelamba sururu."

"Jaribu kuinusa kwanza."

"Nimeinusa, mwenzangu. Siku hizi hata mboga ikichacha naambiwa na watoto."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi naona hivyohivyo. Akaniwahi. "Usinifiche. Wewe unasikia nini?"

Nikamwambia. Nilipofika kwenye ndizi alifumba macho, nadhani alikuwa anazitafuta.

"Inafanana na ya mama?"

"Ya mama yako ilikuwa chachu zaidi."

"Nakumbuka kwamba ilikuwa chachu," akasema. "Uchachu wenyewe ndio siukumbuki."

Nikamsihi abaki kwangu, chumba kipo, tutauza hata nyanya. Alitikisa kichwa. Akasema binti yake mkubwa ndiye anayechoma dhahabu sasa, tangu mikono yake yeye ianze kumwaga zebaki.

"Umemwambia aliyosema daktari?"

"Nitamwambia. Halafu atanijibu, tule nini?"

Alimaliza glasi yake yote, kwa adabu tu, kama mgeni anavyomaliza chakula kisichompendeza. Iliyobaki chupani niliinywa mimi. Nikalewa, nikalia, na yeye mgonjwa ndiye aliyenipapasa mgongo kwa ile mikono isiyotulia, akinibembeleza kwa Kisukuma kama mtoto.

Asubuhi nilimsindikiza stendi.

Ni zaidi ya mwaka sasa. Ulimi wake umekuwa mzito, maneno hayatoki vizuri, kwa hiyo nikipiga simu binti humwekea sikioni, nami huongea peke yangu: mvua, majirani, kwaya ya kanisani. Nasikia pumzi yake tu. Wakati mwingine namaliza habari zote nilizo nazo na bado sitaki kukata. Halafu binti anachukua simu, anasema, "Amekusikia, mama mkubwa," na kuniaga haraka, maana anawahi mwaloni.