Peleka Nyumbani Achagua Kitabu cha Barbados

Kipngeno alistaafu ukarani wa majani miaka sita iliyopita, lakini mkono wake haujapata habari. Kwa miaka thelathini na moja mkono huo uliingia katika magunia ya chai ya watu, mpaka kwenye kiwiko, pale kituo cha kununulia majani nje kidogo ya Litein. Ulitoka na tawi moja ukaliinua juu, ili foleni yote imwone mwenye gunia akiaibika.

"Mimi nataka majani mawili na chipukizi. Hii ni nini? Hii ni kuni. Peleka nyumbani."

Ndiyo maana hakuna anayemwita Kipngeno. Anaitwa Peleka Nyumbani, na yeye anadhani ni sifa.

Tangu astaafu, hukagua chochote kinachompitia mbele. Arusini hukagua kabeji. Mchungaji alipoleta Biblia mpya, Kipngeno aliipima kwa kiganja, akasema ni nyepesi, waangalie vizuri, huenda kuna nabii aliyeachwa nje.

Jambo analojivunia kuliko yote ni kwamba aliwahi kukataa majani ya mkewe mwenyewe. Siku hiyo Chepkemboi alikuwa ameshinda hospitalini na binti yao Chepkosgei, aliyekuwa na miaka saba na homa isiyoshuka. Aliporudi lori la majani lilikuwa limeshaondoka. Asubuhi akabeba gunia lake mpaka kituoni. Karani akaingiza mkono, akanusa.

"Haya yamelala."

"Usiku mmoja tu. Na unajua nilikuwa wapi."

"Yaliyolala yamelala, Mama Chepkosgei. Peleka nyumbani."

Alilipandisha kilima kwa mgongo. Jioni alimpikia ugali, akamwekea na mursik, maziwa ya kugandishwa kwenye kibuyu. Kipngeno alisimulia habari hiyo miaka ishirini na miwili, kila penye watu zaidi ya watatu, kama ushahidi kwamba yeye hapendelei mtu. Hakuwahi kujiuliza kwa nini mkewe husikiliza mpaka mwisho kila mara.

Chepkosgei alipona, akasoma, akawa nesi, akapata kazi Barbados, kisiwa cha Karibi ambacho kwenye ramani kinaonekana kama uchafu wa nzi. Akaolewa hukohuko. Mwaka jana, mwezi wa kumi, akatuma ujumbe: mtoto anakuja Februari, ametenga tiketi moja, ya mzazi mmoja, na safari ni ndege tatu. "Aje yule ninayejua hatapotea njiani. Tafuteni kitabu cha kuongoza wasafiri, kizuri, msome. Jumapili nitapiga simu niulize maswali."

Kijiji kizima kilijua kwamba mtoto akizaliwa anayeitwa kumlea ni bibi. Lakini Kipngeno alikuwa ameshasimama kanisani akatangaza kwamba anaruka.

"Mtoto mchanga utamfanyia nini wewe?" Chepkemboi akamuuliza.

"Mtoto anahitaji mtu anayejua kusoma ramani."

"Akilia saa nane utamsomea ramani?"

Alhamisi mzee akaenda kwa Mosoti, mtu wa Kisii anayeuza vitabu vya mitumba juu ya turubai, hapo Litein, katikati ya muuza viatu na mama wa parachichi. Mosoti alikuwa amehangaika mpaka Nairobi akampatia vitabu viwili. Kimoja kilikuwa kinene, jalada gumu, kingo za dhahabu, kinanukia kabati la padri. Kingine kilikuwa chembamba, jalada laini, pembe zimejikunja.

Kipngeno alikiweka kinene kwenye kiganja cha kulia na chembamba cha kushoto, akafumba macho. Watu wakasimama kutazama.

"Mzee, hicho kinene ni cha zamani kidogo," Mosoti akamwambia. "Hiki kingine ni cha mwaka jana. Kiko na mabasi, kiko na ramani, kinakuambia wenyewe wanakula wapi."

"Mosoti, mimi nilishika majani kabla wewe hujajua kushika kijiko. Kitabu cha maana kina uzito." Akakikunja kile chembamba, kikakunjika. "Ona hii, imenyauka. Peleka nyumbani."

Akaondoka na kinene kwapani, jina la kisiwa likitazama nje ili wapita njia walisome.

Kabla ya jua kuzama Chepkemboi akafika palepale.

"Kuna kitabu kingine ulikuwa nacho?"

"Kiko, Mama, lakini mzee alikikataa."

"Kama alikikataa, nifungie."

Jumapili baada ya ibada simu ikawekwa juu ya meza, imeegemezwa chupa ya chai. Chepkosgei akatokea na tumbo lake, mumewe pembeni akipunga mkono.

"Baba, ukishashuka uwanja wa ndege, unafikaje kwangu?"

Kipngeno akavaa miwani. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na yeye alikitafsiri kwa sauti ileile aliyotangazia kilo.

"'Meli ikishatia nanga, msafiri atashushwa kwa mashua.'"

"Baba, hakuna meli. Unakuja na ndege."

"Ngoja, sijamaliza. 'Inashauriwa kupeleka telegramu hotelini mapema. Bwana asikose kofia ya jua.'" Akafungua kurasa za mbele zaidi, akitafuta mahali patakapomtetea. "Kuna watu pia, sikiza. 'Wenyeji ni wacheshi na wenye nguvu, ila kazi hawaifanyi wasiposimamiwa.'"

Mkwe, ambaye Kiswahili hajui, akamuuliza mkewe baba amesema nini. Chepkosgei akamwambia baba anawasalimia.

"Hiyo sentensi naijua," Chepkemboi akasema. "Baba yangu alichuna chai ya Mzungu miaka ishirini, na aliisikia kila asubuhi. Wewe nawe ulikuwa nayo pale kituoni."

"Mimi nilikuwa nasimamia ubora."

"Haya, Mama," Chepkosgei akasema haraka. "Wewe unafikaje?"

Chepkemboi akatoa kitabu chembamba chini ya leso yake. Alikuwa ameweka nyasi kwenye kurasa alizozitaka.

"Kuna basi la kwenda mjini. Lakini mimi nitakuwa na begi na haya magoti, kwa hivyo mume wako atakuja na gari."

"Kitabu kinasema hivyo?"

"Kitabu kinasema basi. Magoti yanasema gari. Maji ya mfereji nitakunywa, wanasema ni mazuri. Februari haina mvua nyingi, nepi zitakauka."

Chepkosgei akamtafsiria mumewe, na upande wa pili wa dunia mtu akacheka, nadhani alikuwa mkwe, kwa kuwa nesi alikuwa anafuta macho.

"Hicho kitabu nilikikataa," Kipngeno akasema.

Mkewe alivuta kile kinene, akaingiza mkono katikati ya kurasa mpaka kwenye kifundo, akautoa, akanusa.

"Baba Chepkosgei, hiki kilichapishwa lini?"

Mzee akatafuta. Alichukua muda. "Kumi na tisa thelathini na sita."

"Majani yangu yalilala usiku mmoja. Hiki kimelala karibu miaka tisini. Peleka nyumbani."

"Tuko nyumbani."

"Basi umeshafika."

Tiketi ikakatwa kwa jina la Chepkemboi.

Mwisho wa Januari, siku moja kabla ya safari, begi lake likaning'inizwa kwenye mizani ya zamani ya magunia, ile Kipngeno aliyojizawadia alipostaafu. Ndege inaruhusu kilo ishirini na tatu. Mshale ukasimama kwenye ishirini na nne na nusu.

"Imezidi," akasema, na uso ukamng'aa kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile. "Toa majani ya chai."

"Chai ni ya wiki hii. Tafuta kingine."

Wakafungua. Chini ya shali ya mtoto, kimefungwa ndani ya taulo, kilikuwapo kitabu chenye kingo za dhahabu. Chepkemboi akamwangalia mumewe. Mumewe akaiangalia mizani.

Halafu akakitoa mwenyewe, akakiweka sakafuni, akarudi kuutazama mshale mpaka ukatulia kwenye ishirini na tatu kamili. Karani hawezi kubishana na mshale.

"Imepita," akasema.

"Niandikie risiti, kama ya kituoni," akasema Chepkemboi, na akakaa kwenye kigoda kuingojea.