Bibi harusi wa nusu kichwa

Msusi huyu mtaani walimwita Narudi, kwa sababu ndilo neno alilowaachia wateja kila alipotoka mlangoni. "Narudi sasa hivi, shoga yangu." Mteja alibaki na kitana kimechomekwa kichwani kama antena, akitazamana na kioo.

Mikono alikuwa nayo, hakuna aliyebisha. Mistari yake ilinyooka kama imepigwa rula. Shida ni kwamba mwenye mikono hakutulia. Chai aliiteleka ikakaukia jikoni, funguo zilipatikana ndani ya friji, na mume wake, fundi redio, alishasahau ladha ya wali usioungua.

Siku moja kabla ya harusi, binti wa dada yake alikaa kitini asukwe. Nusu ya kichwa ilipokamilika, rasta za kusukia zikaisha. Narudi akatoka kwenda kununua. Njiani akamkuta jirani anapaka mlango rangi, rangi inachuruzika hadi miguuni.

"Hebu lete hiyo brashi, unaniumiza macho."

Akaupaka mlango. Mlango ulipopendeza, fremu ikaonekana chafu, akaipaka fremu. Kisha madirisha. Jua linazama, yeye yuko juu ya ngazi, ana raha zake, bibi harusi kamtoka kichwani kabisa, na rasta hajanunua.

Dada yake mkubwa alimfuma hukohuko. "Shuka! Mwanangu anaolewa kesho, ana nusu kichwa!"

Mashangazi walimalizia nusu iliyobaki, kila mmoja kwa mtindo wake, na picha zote za harusi zikapigwa upande mmoja. Dada akanuna, salamu akakata.

Aliyekuja kumwona Narudi baada ya harusi ni bibi harusi mwenyewe. Alikuwa muuguzi katika kliniki ya afya ya akili.

"Mama mdogo, kuna daktari nataka akuone."

"Mimi nimekuwa kichaa?"

"Wagonjwa wangu wanakuja kwa wakati, mama mdogo. Wewe itabidi nikushike mkono."

Akamshika, wakaenda. Daktari, mama mmoja mpole mwenye miwani, alimuuliza maswali mengi, kisha akasema anahitaji mtu aliyemfahamu tangu utotoni. Hapakuwa na mwingine ila dada. Dada akaja mbio, kama shahidi aliyekuwa akiomba siku zote kesi ifunguliwe.

"Daktari, huyu tulimtuma chumvi, akarudi na paka. Chumvi hakuna! Shuleni ukurasa mmoja ameandika, wa pili amemchora mwalimu. Kila mwaka walimu wanasema ana akili ila mzembe. Baba alimchapa hadi akachoka mwenyewe."

"Endelea," daktari akasema, akiitikia kwa kichwa.

Dada akaendelea, lakini sauti ikaanza kushuka. Ni kama mashtaka yake yalikuwa yanageuka utetezi mdomoni mwake.

"Inaitwa ADHD," daktari akasema mwishoni. "Si uzembe. Ubongo wake unadaka kila kinachopita mbele yake, na kile kinachotakiwa ndicho kinachomponyoka. Amezaliwa hivyo. Fimbo haitibu."

Narudi akacheka. Katikati ya kicheko, kilio kikampata.

"Sasa zile fimbo zote," akauliza, akipenga kamasi, "nazidai kwa nani?"

Dada akatazama dari.

"Yule paka lakini alikuwa mzuri," akasema.

Kwa anayemjua dada huyo, hapo aliomba radhi kwa magoti.

Dawa za mwanzo zilimkausha mdomo, chakula hakikupita. Daktari akapunguza kipimo. Funguo sasa zinaning'inia shingoni. Simu inampigia kelele azime jiko, na rasta zinatimia mezani kabla mteja hajakaa. Kubwa kuliko yote ni viatu: akianza kusuka, anavivua na kumpa mteja avikalie. "Nisipomaliza, usinipe." Mara moja alitoroka peku kwenda kuamua ugomvi wa bata, lakini alirudi kabla mteja hajanyanyuka.

Ila ana lalamiko moja, na amempelekea daktari. Zamani, mteja akimwaga umbea, yeye aliusikia vipandevipande, akajazia mwenyewe, ukanoga. Sasa akili imetulia, anausikia wote, mwanzo hadi mwisho.

"Daktari," akasema, "kumbe hawa watu hawana la maana la kusema."