Mtani Wangu Mbele ya Wafadhili

Watu wananiuliza Ulaya kulikuwaje. Kulikuwa na baridi, na hasira niliyoenda nayo nilirudi nayo. Ngoja nieleze, maana nikinyamaza wanadhani naringa.

Mimi mzaliwa wa Usoke, Mnyamwezi baba na mama, mkufunzi katika chuo cha ualimu hapa Tabora. Ofisini nilikuwa nakaa meza moja na Mzaramo. Babu zetu sisi walibeba pembe na mizigo kutoka huku hadi pwani, wakapita kwa babu zake, wakaombana maji, wakagombana, wakazikana. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani, wana ruhusa ya kutukanana hadharani, na anayekasirika ndiye mshamba. Bwana yule aliitumia ruhusa yake yote. Kila asubuhi nikifungua mlango anauliza mzigo wake nimeuacha wapi, mpagazi mimi, mla michembe ya viazi vikavu. Nami namuuliza shamba la baba yake ameshalimaliza kwa ngoma au bado kuna kipande cha kuuza. Nilipofiwa na mume wangu, yeye ndiye aliyeingia kaburini akalala, akagoma kutoka mpaka apewe kuku. Nilicheka, mjane mimi, nimefungwa kanga kichwani, nilicheka. Hakuna mwingine aliyeliweza hilo siku ile.

Andiko la mradi tuliliandika sisi wawili. Huko vijijini, kuanzia Ntalikwa mpaka Usinge, watoto wanaingia darasa la kwanza na Kinyamwezi au Kisukuma cha nyumbani, na walimu tunaowatoa chuoni hawajui waanzie wapi kuwafundisha kusoma. Tukaomba ufadhili kwa shirika moja la nje: walimu wapewe mafunzo, wakufunzi wawili waende chuo cha huko, na wa huko waje kwetu. Tukakataliwa. Tukaandika upya, tukakataliwa tena. Mara ya tatu tukajibiwa kwamba anakuja mtu kutukagua. Wa kusafiri tulikuwa mimi na mtani wangu. Mkuu wa chuo alitaka sana aingizwe, lakini masharti yalisema wanaofundisha darasani tu, na yeye chaki alishaisahau. Tulipomwambia alitabasamu, akasema hana neno.

Mkaguzi alikuwa mama wa Kizungu, na Kiswahili alikijua vizuri sana. Angekuwa hakijui tungepona. Alipoingia ofisini mtani wangu alisimama kwa adabu zote, akamvutia kiti, kisha akaninyooshea kidole.

"Huyu ni mtumwa wa ukoo wetu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa chumvi. Akileta jeuri namchapa."

Nikamjibu kwamba mwaka huu namzika bila sanda. Tukacheka mpaka machozi. Mgeni hakucheka. Alikuwa anaandika.

Mchana alituita, mimi na mkuu wa chuo, akauliza kama aliyoyasikia ni kweli. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu: utani, na mkuu alilijua. Mkuu yule kwao Nzega, Mnyamwezi kama mimi. Mazishi ya mume wangu alihudhuria, na kuku wa kumtoa yule mtu kaburini alimnunua yeye kwa fedha zake. Alivua miwani, akaipangusa taratibu, akasema kwa sauti ya mfiwa, "Tatizo hilo tunalifahamu. Tumekuwa tukilishughulikia ndani kwa ndani."

Niliruka kwenye kiti. Nikaeleza utani tangu misafara ya mababu mpaka leo asubuhi, na kadiri nilivyoeleza ndivyo mgeni alivyozidi kunihurumia. Alinishika mkono. Akasema wanawake wengi huwatetea wanaowaumiza, nisione aibu. Kisha akatoa uamuzi wake: mradi utaendelea iwapo bwana yule ataondolewa chuoni, nami nisaini malalamiko dhidi yake. Alipotoka nilimwambia mkuu wa chuo kwamba sisaini hata anikate mkono. Akasema sawa, basi mradi ufe, na kesho kikaoni atawatangazia walimu ni nani aliyeuua.

Mtani wangu alinikuta nyuma ya bwalo nalia. Alikuwa ameshasikia yote. "Mpagazi," akaniambia, "usipende kulia bure. Mimi kustaafu kumebaki kidogo. Watoto wale wakose kusoma kwa sababu yangu?" Nikamkataza. Nilimkataza kwa jina la mama yake.

Kesho yake kikaoni alisimama kabla mkuu hajafungua mdomo. Akasema ni kweli, amenidhalilisha kwa miaka mingi, anaomba radhi, na yuko tayari kuondoka. Nilipiga kelele kwamba anadanganya. Mkuu wa chuo akaomba nipewe maji, eti nina mshtuko. Na wenzetu je? Watu wazima, wamekula na kucheka nasi, utani wanaujua kama wanavyojua majina yao, wakainamisha vichwa kuangalia meza. Walikuwa wanafikiria semina na kompyuta. Mpaka leo nikikutana nao sokoni nawasalimia kwa sababu mama alinilea, si kwa sababu nawapenda.

Kukiri kwake kulitosha, sahihi yangu haikuulizwa tena. Mtani wangu akashushwa akafundishe shule ya msingi upande wa Usinge. Nafasi yake ya safari akaichukua mkuu wa chuo, kwa cheo kipya cha kiongozi wa msafara. Hata haya hana. Kule Ulaya alikuwa anakaa karibu yangu wakati wa chai, ananisogezea sukari.

Siku ya kutukaribisha, mama yule mkaguzi alinisimamisha mbele ya ukumbi, akawasimulia wenyeji habari za mwanamke jasiri aliyenusurika mikononi mwa mnyanyasaji kazini. Wakanipigia makofi wamesimama. Mkuu wa chuo alipiga kuliko wote. Nikasema pale pale, kwa Kiingereza changu cha Usoke, kwamba yule mtu ni rafiki yangu. Wakazidi kupiga makofi.

Niliporudi sikupumzika. Nilipanda gari la Kaliua, nikaenda mpaka Usinge, nikaulizia nyumba ya mwalimu mgeni. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi na watoto wake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, na aliponiona hakunikaribisha. Habari za kikaoni zilikuwa zimefika kwake kabla ya mabegi ya mumewe. Nikaona nimalize mambo kwa njia tunayoijua. Nikapaza sauti nikiwa bado njiani, nikamuuliza yule mvivu wa pwani nani kampa mahindi ya Wanyamwezi, au kaja kuyauza acheze ngoma.

Binti yake mkubwa aliinuka, akamtazama baba yake, akaingia ndani.

Mtani wangu alijipangusa mikono kwenye suruali. Akaja mpaka kwangu, akasimama mbali kidogo, kama mtu anayezungumza na mkaguzi.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Naomba tusitaniane tena. Hawa wanangu nimewaeleza kwamba ni utani, hawataki kuniamini."