Ariokot na Vipele vya Mwalimu Resty

Katika lojingi moja, yaani nyumba ya kulala wageni, huko Busia upande wa Uganda, karibu na mahali malori yanapopanga foleni kungoja kuvuka, yupo mama mmoja anayeitwa Ariokot. Ni mrefu, mwembamba, ana miaka arobaini na minane, na kazi yake ni kusafisha vyumba. Wageni huona tu kwamba shuka zinanukia sabuni, wakalala, wakaondoka. Hawajui kwamba kabla hawajapewa ufunguo, Ariokot ameinua godoro, amepitisha kidole kwenye mshono wake wote, na amechungulia nyuma ya ubao wa kichwani kwa tochi ya simu. Vyumba kumi na viwili, kila siku ya kazi, bila kuambiwa na mtu.

Uangalifu huo ulitokana na aibu. Zamani alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni huko Tororo. Asubuhi moja mgeni mmoja aliamka anajikuna shingo na mikono, akapiga kelele mpaka barabarani. Meneja akawapanga wafanyakazi wote uani. Akamtazama kila mmoja toka juu hadi chini, akamnyooshea kidole Ariokot.

"Ni huyu. Anatoka kijijini na kunguni kwenye gauni lake la gomesi."

Akafukuzwa papo hapo, wenzake wakiangalia chini. Alipofika nyumbani alivua nguo zote, akazikagua uzi kwa uzi kwenye jua. Hakuona hata mdudu mmoja. Alikaa siku nyingi bila kutoka, na alipotoka alikuwa na swali moja kichwani: sasa hao wadudu wanatoka wapi?

Hakuwa na kitabu cha kumjibu. Aliuliza wauguzi, aliuliza madereva wa malori waliolala kila mahali kutoka Mombasa hadi Kampala, na alipopata kazi Busia akaanza kutazama ngozi za watu jinsi fundi cherehani anavyotazama mshono. Polepole akajua. Mbu huuma ovyo, moja hapa, moja kule, na uvimbe wake haudumu sana. Viroboto hupenda miguu, kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini ya goti, na huacha kidoa chekundu katikati. Upele wenyewe hujificha katikati ya vidole na kiunoni, na ukimshika mmoja huwashika wa nyumba nzima. Kunguni naye hutembea akila. Huuma, husogea, huuma tena, kwa hiyo vipele vyake mara nyingi hupangana kama vifungo vya shati, kwenye mikono, mabega na shingo, pale ambapo shuka haikufunika.

Basi mwaka jana, mvua za mwezi wa tatu zilipoanza, mgeni wa chumba namba sita alikataa kusafishiwa chumba siku mbili mfululizo. Siku ya tatu Ariokot akagonga.

"Hodi. Nimeleta maji na shuka."

"Acha tu hapo mlangoni, mama. Usiingie."

"Nisipoingia nitafagia na nini, na macho?"

Sauti ikasema kutoka ndani, "Mimi ni mgonjwa. Sitaki nikuambukize."

Mgeni huyo alikuwa Resty Athieno, mwalimu wa darasa la kwanza, mzaliwa wa kijiji cha Paya aliyepangiwa shule moja huko Buhehe mwanzoni mwa muhula. Alikuwa amekaa huko mwezi mmoja tu alipoanza kutoka vipele. Siku hizo redio zilikuwa zikitaja ndui ya nyani asubuhi na jioni, na vipele vya Resty vingine vilikuwa vimejaa maji kama malengelenge ya moto. Mzazi mmoja alimwona akijikuna mbele ya darasa. Kesho yake watoto wakaja kumi. Siku iliyofuata wakaja wawili. Mwalimu mkuu, Mzee Mangeni, akamwomba kwa upole aondoke kidogo hadi mambo yatulie. Resty hakwenda kupima, kwa kuogopa jibu. Hakwenda Paya pia, kwa kuogopa kumpelekea mama yake ugonjwa. Akajifungia Busia.

Hayo yote aliyasema mlango ukiwa umefungwa. Ariokot akaweka ndoo chini.

"Homa unayo, mwanangu?"

"Hapana."

"Kichwa kinauma? Shingoni au kwapani kuna uvimbe?"

"Hapana, mama. Ni kuwashwa tu. Nawashwa mpaka nalia."

"Fungua mlango. Mimi nitabaki huku kwenye korido, wewe simama dirishani penye mwanga. Kunja mikono ya blauzi."

Resty akafungua. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, macho yamevimba. Akanyoosha mikono. Ariokot akatazama: vitatu kwa mstari chini ya kiwiko, vitatu vingine juu kidogo, vinne shingoni. Akamwambia ageuze viganja. Viganja vilikuwa safi kabisa.

"Tangu uingie chumba hiki, kimetoka kipele kipya?"

Resty akajitazama kana kwamba mwili ni wa mtu mwingine. "Siku ya kwanza, ndiyo. Jana... hapana. Leo pia hapana."

"Na kule Buhehe unalalia kitanda gani?"

"Nilinunua sokoni, cha mbao. Kilikuwa cha mtu kabla yangu."

Ariokot akashusha pumzi. "Mimi si daktari, na naweza kukosea. Lakini hii naona kama kazi ya kunguni. Vaa viatu, tunakwenda kituo cha afya. Ukirudi Buhehe na maneno ya mfagiaji, nani atakusikiliza?"

Walikwenda kwa miguu, Resty amejifunika leso na kutembea hatua tatu nyuma. Tabibu alimkagua kuanzia utosini hadi nyayoni, akampima joto, akabonyeza shingo na kwapa, akauliza maswali mengi yaleyale ya Ariokot. Mwishowe akasema hiyo si ndui. Ni kuumwa na wadudu, na ngozi ya Resty ina mzio, ndiyo maana vingine vimefanya malengelenge. Akampa vidonge vya kutuliza mwasho na mafuta ya kupaka. Akamwambia aoshe kwa maji na sabuni, aweke kitambaa cha maji baridi pale panapowasha, akate kucha, na asipasue malengelenge hata yakimshawishi namna gani. Kipele kikianza kutoa usaha, au wekundu ukisambaa na homa ikaingia, arudi mara moja. Kisha akaandika barua kwa mwalimu mkuu, akagonga muhuri.

Nje, Resty aliketi kwenye ngazi akalia. Ariokot alisimama mbele yake kumkinga na macho ya watu, mpaka alipomaliza.

"Barua haitoshi, mama," Resty alisema akijifuta. "Hujui watu wa kule. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Maloba, amesema sitakanyaga tena darasani."

"Alhamisi sina kazi," Ariokot akajibu. "Nakwenda na wewe."

Hakuna aliyemwomba. Lakini siku ile Tororo hakuna mtu aliyesimama upande wake, na kitu hicho hakikuwahi kumtoka moyoni.

Alhamisi saa tatu walikuwa Buhehe. Mzee Mangeni alisoma barua mara mbili, akawaambia yeye anaamini ila wazazi ndio kazi. Wakaenda kwenye nyumba ya Resty nyuma ya shule. Ariokot hakutaka mambo ya ndani kwa ndani. Walikitoa kitanda nje, wakatandika shuka nyeupe kwenye majani, wakaweka fremu juu yake. Wanawake waliokuwa wakitoka shambani wakasimama ng'ambo ya ua, mbali. Ariokot akachukua kipande cha kuni, akagonga pembe ya kitanda. Ta! Ta! Ta!

Wakaanguka. Kwanza wawili, bapa na wekundu kama mbegu za tofaa, kisha kundi zima, wakikimbia huku na huku juu ya shuka.

"Yesu wangu!" mwanamke mmoja akasema, na bila kujijua akavuka ua kuja kuona.

Hapo ndipo Maloba alipofika, mtu mnene mwenye kofia ya nyasi na sauti ya mikutano. Alitazama shuka, akamtazama Resty, kisha akamgeukia Ariokot.

"Wewe nakujua. Unafanya kazi lojingi. Hao wadudu umewaleta wewe kwenye mkoba wako."

Ariokot aliikumbuka siku ile ya Tororo. Maneno ni yaleyale, baada ya miaka yote hiyo. Resty akataka kusema, lakini Ariokot akainua mkono.

"Mzee, mkoba ndio huu." Akaugeuza, akaumwaga wote juu ya upande mtupu wa shuka. Kikaanguka kipande cha sabuni, simu, kitana, chapati iliyofungwa kwenye gazeti na soksi moja ambayo hata mwenyewe hakujua ilifikaje humo. Mwanamke aliyevuka ua akacheka, na wengine wakacheka. "Umeona? Sasa chukua kuni hii. Gonga pembe ile ambayo mimi sijaigusa."

Maloba hakupenda kuamrishwa, lakini watu walikuwa wanatazama. Akachukua kuni, akagonga. Kunguni walipoanguka kwenye viatu vyake aliruka kama kijana.

Alipotulia, sauti yake ilikuwa imeshuka. "Sawa. Kunguni ni kunguni. Lakini Justine wangu anakaa dawati la mbele kwa huyu madamu Resty, na yeye anawashwa tangu wiki iliyopita. Huyo naye kitanda kimemfuata shuleni?"

"Mlete nimwone."

Justine akaletwa, mtoto wa miaka sita aliyeng'oka meno mawili. Mikono ilikuwa safi, shingo safi. Ariokot akapiga magoti kutazama miguu. Kuzunguka vifundo vyote viwili palikuwa na vipele vidogo, kila kimoja na kidoa chekundu katikati, na sehemu nyingine amejikuna hadi damu.

"Hawa ni viroboto, si kunguni. Mzee, mbwa wako analala wapi?"

"Jikoni."

"Na Justine?"

Maloba akakohoa. "Jikoni. Na nyanya yake. Kuna joto."

Safari hii alicheka hata Mzee Mangeni. Ariokot hakucheka. Alimwosha Justine miguu kwa ile sabuni yake, akamkanda kwa kitambaa cha maji baridi mpaka mtoto akaacha kujikuna, akamwambia baba yake ampeleke kituo cha afya kwa sababu ya vile vidonda, mbwa aoshwe na alale nje, na jikoni pafagiliwe kila pembe, mikeka ianikwe juani.

Kazi ikaendelea hadi alasiri. Maloba alijitolea kuleta dawa anayopulizia nyanya shambani. Ariokot akamkatalia. "Dawa ya shamba hailali kitandani, mzee. Itamuumiza madamu kabla haijammaliza kunguni." Badala yake walichemsha maji, sufuria baada ya sufuria, wakamimina kwenye kila kiungo cha kitanda. Nguo, shuka na neti vikafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa. Nyufa za ukuta karibu na kitanda zikazibwa kwa udongo. Godoro lilikuwa limejaa vidoa vyeusi kwenye mshono, na Resty akakubali lichomwe.

"Wamekwisha?" akauliza.

"Bado. Mayai yanabaki hata ukifanyaje. Baada ya wiki mbili tunarudia."

Jumatatu Resty aliingia darasani na mikono wazi, bila leso, ili wazazi waone vipele vikififia. Watoto walikuwa kumi na mmoja, Justine akiwa mbele. Ijumaa walifika ishirini na tisa. Familia moja haikurudi kabisa. Ilimhamisha mtoto wake, na jambo hilo lilimuuma Resty kuliko alivyosema. Mwisho wa wiki hiyo alikwenda Paya. Mama yake alimshika mikono, akaigeuza, akauliza madoa haya meusi ni ya nini, na Resty akamsimulia yote tangu mwanzo.

Waliporudia kazi baada ya wiki mbili, walikuta vitoto vichache tu, vyeupe, vidogo kama ufuta. Safari hiyo wanawake watatu walikuwa wamekwisha kuvitoa vitanda vyao nje kabla Ariokot hajashuka kwenye boda boda.

Muhula ulipokaribia kwisha, Maloba mwenyewe alimpigia simu aje aseme kwenye mkutano wa wazazi. Ariokot alisema kwa dakika kumi. Alipomaliza, mama mmoja akasimama, akashusha ukosi wa gomesi mbele ya watu wote, akauliza, "Na hivi vyangu?" Kabla hajajibiwa, wengine wanne walikuwa wamesimama.

Mwenye lojingi alinung'unika kidogo kuhusu simu zisizokwisha, kisha akasema wageni siku hizi wanataja usafi wa vyumba vyake, basi Alhamisi ibaki kuwa ya Ariokot. Alhamisi iliyofuata aliitwa kwenda machimbo ya Tiira, kwenye chumba ambacho wachimba dhahabu sita wanalala pamoja. Walimwambia mwasho wao ni vumbi la mashimo. Ariokot alivua viatu mlangoni, akawasha tochi ya simu, akaomba kwanza mtu aweke maji jikoni yachemke.